Jiji, Mraba na Mshindi: Shindano la Picha la Paris la 1970 Likisomwa kutoka Nairobi

Mwezi wa Mei mwaka 1970 jiji la Paris lilikatwa vipande 1,755. Kilichokata hakikuwa kisu bali rula. Fnac, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1954 na ambayo wakati huo ilijulikana sana kwa biashara ya kamera na vifaa vya kusikilizia muziki, ilichukua ramani ya jiji, ikachora juu yake miraba yenye upande wa mita 250, kisha ikawaalika wapiga picha wa ridhaa wajiandikishe. Kila mshiriki alipangiwa mraba wake, akatakiwa kuupiga picha. Shindano hilo liliitwa C'était Paris en 1970, na matunda yake ni picha zipatazo 100,000, nyingine zikiwa nyeusi na nyeupe zilizosafishwa kwenye karatasi, nyingine slaidi za rangi. Zote zimehifadhiwa katika Maktaba ya Kihistoria ya Jiji la Paris.

Msomaji aweza kuuliza jarida la lugha za Kiafrika lina shauri gani na amali hiyo ya Wafaransa. Jawabu liko karibu. Mashindano na maonyesho ya picha yenye azma ya kuadhimisha maisha ya jiji yamekuwa jambo la kawaida Nairobi na Mombasa, hasa tangu simu ya mkononi ilipomfanya kila mwenye nayo kuwa mpiga picha. Huandaliwa, huzinduliwa, washindi hupewa zawadi, na jambo hilo likaishia hapo. Uhakiki wake kwa Kiswahili haba, kana kwamba picha haina fani wala maudhui, au kana kwamba mhakiki wa fasihi akishavuka mpaka wa maandishi hana tena la kusema. Ilhali neno lenyewe analolitumia kila siku darasani, taswira, ni la picha kabla ya kuwa la ushairi. Shindano la Paris lafaa kuchunguzwa kwa sababu lilikuwa kubwa, kanuni zake zilikuwa wazi, na limeacha hazina inayoweza kupimwa baada ya zaidi ya nusu karne.

Jambo la kwanza la kutazamwa ni mraba wenyewe, maana humo ndimo ilimo fani ya kazi hii. Mraba ni sharti. Wajibu wake ni ule ule wa mizani na vina katika tarbia: humnyima msanii njia aliyoizoea, humlazimisha kutafuta nyingine. Aliyepangiwa mraba wenye mnara wa Eiffel alipewa mzigo mzito kuliko wenzake, kwa kuwa kila upande aliosimama palikuwa pamekwisha kusimama watu elfu kabla yake. Aliyepangiwa ukuta wa kiwanda, maegesho ya magari na mlango wa bohari alikuwa na bahati asiyoijua. Hakuwa na picha ya kuiga. Ilimbidi atazame. Mashairi mengi mabovu ya Kiswahili hayakuharibiwa na ugumu wa vina bali na wepesi wa vina vilivyokwisha kutumiwa na wengine, na picha za majiji zina ugonjwa huo huo. Mtu akiambiwa "piga picha ya Nairobi" bila sharti lolote, atakwenda Uhuru Park jioni na kuelekeza kamera kwenye jumba la KICC lililokamilika mwaka 1973. Au siku hizi atarusha kamera angani juu ya barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, apate taa za magari zikitiririka kama mto. Picha hiyo ni nzuri. Kasoro yake ni kwamba imekwisha kupigwa, na zaidi ya hayo haina mtu ndani yake. Kutoka umbali huo jiji ni umbo tupu.

Yafaa hapa kulikumbuka neno jiji lilivyoundwa. Ni mji uliokuzwa, na kwa kuwa shina lake lina silabi moja, ukuzaji huo huleta ji-, sawasawa na mtu anavyogeuka kuwa jitu. Ukuzaji katika Kiswahili si kipimo cha ukubwa peke yake. Aghalabu hubeba hofu, kero au dharau. Matumizi ya serikali yamelisafisha neno jiji, likawa cheo, na Nairobi ilikipokea cheo hicho kwa hati ya kifalme mwaka 1950. Lakini sikio la lugha halisahau upesi. Mkazi wa Nairobi hasemi kwamba anaishi jijini isipokuwa anahutubia. Husema yuko mjini, au yuko mtaani. Maonyesho yanayojitangaza kuwa ya "maisha ya jiji" hayana budi kuulizwa, tangu kwenye anwani, yamechagua kumtazama mtu au jitu.

Anwani ya shindano la Paris ni ya ajabu zaidi, na mwanaisimu ndiye atakayeiona ajabu hiyo kwanza. C'était ni wakati uliopita. Waandalizi waliwaambia watu, Mei 1970, wapige picha za jiji ambalo "lilikuwa" Paris mwaka 1970. Mwaka haujafika nusu, tayari unasemwa kama marehemu. Kwa Kiswahili tungo hiyo hutafsirika vibaya, na ubaya huo una funzo: "hii ilikuwa Paris ya 1970" yamsikikia Mswahili kama maneno ya mtu aliyeshika picha mkononi miaka mingi baadaye, akimwonyesha mjukuu. Na ndivyo ilivyokusudiwa. Mpiga picha alitakiwa asimame leo, akitazame kilicho mbele yake kwa jicho la mtu ambaye hajazaliwa.

Magazeti ya Kiswahili yana njia yao ya kulikabili tatizo hili la wakati, nayo haijapewa heshima inayoistahili. Chini ya picha gazetini huandikwa: "Waziri akikata utepe", "Wakazi wakichota maji". Si anakata wala si alikata, ni akikata. Kiambishi -ki- chahitaji kishazi kingine cha kukishika mkono, lakini katika maelezo ya picha kishazi hicho hakipo. Sentensi imeachwa nusu, na nusu ya pili ni picha yenyewe, au pengine ni jicho la msomaji: anaonekana akikata, twamwona akikata. Tendo halijaisha na wala halijawekwa kwenye kalenda. Kifaransa cha waandalizi wa 1970 kilimzika mtu kabla hajafa ili ahifadhiwe. Kiswahili cha magazeti humwacha akichota maji daima. Ni mitazamo miwili ya picha, na mtu akitaka kuandaa maonyesho Nairobi yampasa ajue anasimamia upi, kwa kuwa maelezo chini ya picha huamua iwapo mtazamaji ataomboleza au atashuhudia.

Sababu ya maombolezo hayo ya Paris inafahamika. Soko kuu la Les Halles lilikuwa limehamishiwa Rungis mwaka 1969, na mabanda yake ya chuma yaliyosanifiwa na Baltard yalianza kubomolewa mwaka 1971. Mnara wa Montparnasse ulikuwa unapanda. Barabara kuu ya kulizunguka jiji ilikuwa inakaribia kufunga duara lake, jambo lililotimia mwaka 1973. Paris ilikuwa inavunjwa na kujengwa upya mbele ya macho ya wakazi. Wala haikuwa mara ya kwanza. Katika miaka ya 1860 Charles Marville alipewa na wakuu wa jiji kazi ya kuzipiga picha njia nyembamba ambazo wakuu hao hao walikuwa wanakwenda kuzibomoa chini ya mpango wa Haussmann. Hapa ndipo sherehe inapoingia mashaka. Kamera na tingatinga huweza kutumwa na bwana mmoja. Picha huhifadhi nyumba, na kwa kuihifadhi hurahisisha kuivunja, kwa kuwa anayeuliza nyumba iko wapi ataonyeshwa karatasi. Hakuna ushahidi kwamba waandalizi wa 1970 walikusudia hila hiyo, na si haki kuwabebesha. Lakini shindano lililowaalika wananchi kuiaga Paris halikuwaalika kuamua kama iondoke.

Nairobi inalijua jambo hili kwa undani wake. Kijiji cha Pangani, makazi ya zamani ya Waafrika wakiwemo Waislamu wengi waliozungumza Kiswahili, kilibomolewa na wakoloni mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakazi wake wakapelekwa mtaa mpya ulioitwa Shauri Moyo. Jina hilo, kwa jinsi lilivyo, lasikika kama jibu la mtu aliyeachiwa uamuzi baada ya uamuzi kukatwa. Muoroto ilibomolewa Mei 1990. Sehemu ya Mukuru kwa Njenga ilibomolewa mwaka 2021. Maonyesho yanayoadhimisha jiji na yasiwe na mahali pa majina haya yanaadhimisha kitu kingine.

Sasa na tuichukue rula ya Paris tuiweke juu ya ramani ya Nairobi, kwani hapo ndipo ubora na udhaifu wa mraba unapoonekana kwa pamoja. Eneo la Nairobi ni kilomita za mraba 696 hivi. Miraba ya mita 250 ingekuwa zaidi ya 11,000. Mbuga ya Taifa ya Nairobi peke yake, yenye kilomita za mraba 117, ingepewa miraba zaidi ya 1,800. Yaani simba na twiga, ambao hawana kamera, wangepata miraba mingi kuliko jiji zima la Paris. Hilo laweza kuchukuliwa kama mzaha. Lisilo mzaha ni hili: katika sensa ya 2019 kaunti ndogo ya Mathare ilihesabiwa watu zaidi ya 200,000 katika kilomita za mraba 3 tu, na kaunti ndogo ya Lang'ata, iliyobeba mbuga hiyo, ilihesabiwa watu karibu idadi hiyo hiyo katika zaidi ya kilomita za mraba 200. Kwa kanuni ya Paris, Mathare ingepata miraba 48. Lang'ata ingepata zaidi ya 3,000.

Mraba, basi, uliokuwa sharti la haki Paris, ungekuwa dhuluma Nairobi, na dhuluma hiyo ingefanywa kwa rula iliyonyooka. Mraba haupendelei mtu kwa kuwa haumwoni mtu, hupima ardhi. Paris ilikuwa imejengwa kwa msongamano unaokaribiana kutoka mtaa hadi mtaa, hivyo kupima ardhi kulikaribia kupima watu. Nairobi iligawanywa tangu enzi za ukoloni kwa rangi, kisha kwa pesa, na mpaka leo ukubwa wa kiwanja cha mtu ni habari ya tabaka lake. Kuchukua fani kutoka kwengine bila kuuliza ilizaliwa na udongo gani ni kosa ambalo wahakiki wa fasihi wamelisema mara nyingi kuhusu riwaya na tamthilia. Linastahili kusemwa kuhusu rula pia. Ikiwa ni lazima kugawa, na igawanywe kwa watu: kila watu elfu kadha, picha kadha. Mathare ingelingana na Lang'ata, na mpiga picha wa Mathare, kwa kuwa na eneo dogo sana, angelazimika kuingia ndani ya vichochoro, kwenye mlango wa mtu, karibu kiasi cha kuulizwa anataka nini.

Swali hilo, "unataka nini?", ndilo ambalo picha nyingi za mashindano zimelikwepa. Kiswahili husema kupiga picha, na ijapokuwa kupiga humu ni kitenzi kilichopungukiwa na ukali wake, kama katika kupiga pasi au kupiga simu, kauli ya kutendwa huurudisha ukali huo: mtu amepigwa picha. Kuna mpiga na kuna mpigwa. Katika shindano mpiga ana jina, hupanda jukwaani, hupokea bahasha. Mpigwa ni "mchuuzi", "mtoto wa mtaani", "uso wa jiji". Hali hii si ya Nairobi peke yake. Mwaka 1955 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York lilionyesha The Family of Man, maonyesho ya Edward Steichen yenye picha 503 za wapiga picha 273 kutoka nchi 68, yaliyokusudiwa kudhihirisha kwamba binadamu ni mmoja katika kuzaliwa, kazi, furaha na mauti. Roland Barthes aliyakosoa vikali: kusema kwamba watu wote hufanya kazi na watu wote hufa, bila kusema nani humfanyia nani kazi na nani hufa mapema, ni kuigeuza historia kuwa maumbile. Hoja hiyo haijazeeka. Maonyesho mengi ya jiji bado huweka picha ya mpagazi anayetabasamu kando ya picha ya ghorofa la vioo, na kuuita ujirani huo "mchanganyiko wa maisha", pasipo kuuliza kama mpagazi huyo ndiye aliyebeba vioo.

Mwaka huo huo wa 1955, katika jiji hilo hilo, kilitokea kitabu kidogo kilichofanya kinyume. Roy DeCarava alikuwa amepiga picha za Waamerika Weusi wa Harlem kwa miaka kadhaa. Langston Hughes akazichagua, akazipanga, na kuzitungia masimulizi ya bibi mmoja wa kubuni, Sister Mary Bradley, anayewazungumzia wanawe, wajukuu na majirani. Kitabu kinaitwa The Sweet Flypaper of Life. DeCarava alikuwamo pia katika maonyesho ya Steichen, kwa hiyo tofauti haikuwa ya kamera. Katika kitabu, kila mpigwa ana mtu anayemjua, anayemlalamikia, anayemchekea. Picha zimeingia katika mazungumzo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataitambua mbinu hiyo mara moja, kwa kuwa ni mbinu ya nyanya na jamvi lake. Kwa mapokeo ya namna hiyo Kiswahili kina utajiri mkubwa, na ni ajabu kwamba hauonekani ukutani. Picha ikitundikwa na jina la mpiga, mwaka na neno moja la jumla kama "Matumaini", maelezo yamekufa kabla ya picha.

Katika historia ya maonyesho ya Kenya, yale yaliyokaribia kulijibu tatizo hili hayakuwa shindano wala sherehe. Mwaka 2009 mpiga picha Boniface Mwangi alianzisha Picha Mtaani, maonyesho yaliyozunguka miji mbalimbali na kuwekwa barabarani, bila kiingilio, yakiwa na picha za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia ambazo Tume ya Waki ilikadiria ziliua watu 1,133. Yalikuwa na walakini wake. Picha ya maiti haiwezi kumwomba ruhusa aliyemo. Lakini anwani yake ni somo la sarufi na la siasa kwa wakati mmoja. Kiambishi -ni cha mahali kimefanya kazi ambayo kumbi za maonyesho hazikuifanya. Picha hazikungoja watu waje. Zilikwenda walipo, na waliozitazama walikuwa ndio waliokuwamo, au majirani wa waliokuwamo, au pengine waliowafukuza. Mpiga, mpigwa na mtazamaji walikutana kwenye lami moja. Paris miraba 1,755 ilikwenda kwa wapiga picha, na picha zikaishia maktabani.

Hata hivyo Paris ina neno la mwisho katika jambo moja. Mashindano kwa asili yake huchuja. Waamuzi huketi, hutoa mshindi, na zilizobaki huwa takataka. Siku hizi hufutwa kwa kidole. Picha za 1970 hazikutupwa. Zilizoshindwa ziliwekwa pamoja na zilizoshinda, na wakati umeupindua uamuzi: anayetaka kujua mlango ulikuwa wa rangi gani, duka liliuza nini, mama alivaa nini kwenda sokoni, hatafuti picha iliyoshinda. Anaitafuta ile ya mraba anaoutaka, ijapokuwa imepinda na kivuli cha mpiga kimeingia pembeni. Kiswahili kimeliona hili kabla ya majaji, kwani kitenzi kushinda kina maana mbili, na moja yake haina zawadi. Mchuuzi wa mitumba Gikomba hushinda juani kutwa. Shindano lenye kustahili jina lake katika lugha hii lingewahifadhi wanaoshinda kwa maana zote mbili.

Waandalizi wa maonyesho ya Nairobi, kwa hiyo, wasiulizwe kwanza nani alipata zawadi. Waulizwe picha zisizopata zawadi ziko wapi, zina majina ya nani, na yameandikwa kwa lugha gani. Pale ambapo jibu ni kwamba zimefutwa, mtafiti atakayekuja miaka hamsini ijayo kuitafuta Mathare ya leo atakuta barabara ya juu, usiku, taa zikitiririka.